Aliyeifungia leseni ndiye wa kuifungua

Mpwa wangu ni dereva wa Coaster inayofanya safari kati ya Mwanza na Musoma. Leseni yake ilifungiwa kwa miezi sita baada ya kulipita lori la mizigo mahali penye mstari usiokatika, akikaribia kilele cha mwinuko, huku gari likiwa na abiria. Hakuna aliyeumia, lakini gari dogo lililokuwa likitokea upande wa pili lililazimika kutoka barabarani ili kumpisha, na askari waliokuwa mbele kidogo waliona jambo lote. Ninalieleza kosa lake waziwazi kwa ridhaa yake mwenyewe, kwa kuwa sitaki msomaji adhani kwamba ninaandika kulalamikia adhabu. Adhabu aliistahili. Ninachotaka kueleza ni njia ya kurudi, kwa sababu tangu alipoipata tena leseni nimekuwa nikiulizwa na madereva wengi wa stendi za Nyamhongolo na Nyegezi, na karibu wote huanza kwa kuuliza ni shilingi ngapi. Fedha ni jambo la mwisho kabisa. Jambo la kwanza ni kujua nani aliyeifungia leseni hiyo, na kwa karatasi gani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, si mwanasheria, na niliingia katika suala hili kwa sababu dada yangu alinipigia simu akilia. Nilianza kama ninavyowaelekeza wanafunzi wangu, kwa kutenganisha mambo yanayofanana kabla ya kuyakokotoa. Dereva anaweza kukosa leseni mkononi kwa sababu askari ameishikilia kadi kutokana na faini ambayo haijalipwa; hapo leseni yenyewe bado ni hai na jambo huisha faini inapolipwa. Anaweza kuwa na kadi mfukoni ambayo muda wake umekwisha, na hilo humalizwa kwa kuihuisha. Anaweza kuwa amesimamishwa, maana yake haki yake ya kuendesha imezuiwa kwa muda uliotajwa, hata kama kadi anayo na tarehe yake bado haijafika. Na anaweza kuwa amefutiwa, ambapo hakuna leseni ya kurudishiwa, bali ataomba upya kama mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, na ataomba tu ikiwa hakuzuiwa kufanya hivyo. Mtu asiyejua yuko katika hali ipi kati ya hizi atazunguka mjini na bahasha yake, kila dirisha likimwambia ukweli wake, na kila ukweli ukimpeleka dirisha jingine.

Sisi tulianza kuzungushwa hivyo. Kwa kuwa kadi ilichukuliwa na askari barabarani, familia nzima iliamini kwamba leseni imefungiwa na polisi, na shemeji yangu akapanga kwenda kumwona afande amwombe msamaha. Nilimwomba mpwa wangu anieleze siku yake ya mahakamani neno kwa neno. Alikiri kosa, akaambiwa faini, na tangu hapo masikio yake hayakusikia kingine. Aliwaza atapata wapi hizo fedha na kama tajiri wake, yaani mwenye gari, angemkopesha. Lakini alikumbuka kwamba hakimu aliendelea kusoma. Hapo nikajua tunachotafuta. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaipa mahakama inayomtia dereva hatiani uwezo wa kuagiza leseni yake isimamishwe au ifutwe, pamoja na adhabu nyingine. Faini ni sehemu moja ya hukumu, na amri juu ya leseni ni sehemu nyingine. Kuilipa ya kwanza hakuiondoi ya pili.

Kwa hiyo hatukwenda kwa afande, tulikwenda masjala ya mahakama. Tuliandika barua fupi kuomba nakala ya hukumu na amri, tukataja namba ya shauri, jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, na tarehe ya kusomwa kwa hukumu. Ninasisitiza jina kamili kwa sababu madereva wengi wana jina la leseni, jina la kitambulisho cha NIDA, na jina wanaloitwa stendi, na tofauti ya herufi moja inaweza kumweka mtu benchi siku nzima. Nakala ya pili ya barua tuliigongesha muhuri wa kupokelewa. Karani alikuwa mtu mstaarabu, na alipoona kwamba tunajua tunachoomba alitueleza lini turudi.

Amri ilikuwa ya mistari michache tu, na iliandikwa kwa Kiswahili. Hili ni jambo la kushukuru. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na dereva aliyeishia darasa la saba anaweza kukaa chini ya mti na kuisoma amri inayomhusu bila kumlipa mtu wa kumtafsiria. Tuliisoma tukitafuta mambo matatu: muda wa kusimamishwa, siku ambayo muda huo unaanza kuhesabiwa, na sharti lolote linalopaswa kutimizwa kabla ya kurudishiwa. Jambo la pili ndilo linalowaumiza wengi. Dereva anahesabu tangu siku alipokamatwa, ilhali amri inahesabu tangu siku ya hukumu, au tangu siku alipoikabidhi kadi. Anayekosea hesabu hiyo hurudi kwenye usukani kabla ya wakati, akiwa na moyo mweupe kabisa, na anakamatwa kwa kosa jipya.

Kabla sijaendelea na njia tuliyofuata, niwaeleze wale ambao leseni zao hazikufungiwa na mahakama. Kikosi cha Usalama Barabarani nacho huwafungia leseni madereva wenye makosa ya hatari, hasa wa mabasi, na mara nyingi tunasikia matangazo yake baada ya operesheni za barabarani. Aliyefungiwa kwa njia hiyo hana shauri mahakamani la kufuatilia. Barua yake inakwenda kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa husika, ambaye kwa kawaida huitwa RTO, na anapaswa kuomba aelezwe kwa maandishi sababu, muda na masharti. Neno “mkoa husika” ni la kuzingatia, kwa sababu dereva wa Mwanza aliyekamatwa Bunda ana jambo lake Mara. Kisha kuna LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. LATRA haitoi leseni ya udereva. Hutoa leseni ya usafirishaji kwa gari, na huwathibitisha madereva wa magari ya biashara kwa kuwapima na kuwasajili. Inapoisimamisha leseni ya usafirishaji ya basi, mwenye basi ndiye aliyefungiwa, na dereva anaweza kuendesha gari lingine. Nimekutana na kijana aliyekaa nyumbani wiki nyingi akidhani amefungiwa yeye, kumbe lililofungiwa ni gari.

Na TRA je? Madereva wengi huanzia hapo, Mamlaka ya Mapato, kwa sababu ndiko leseni hulipiwa. TRA hupokea malipo, huchapa kadi na kutunza kumbukumbu ya leseni. Ofisa wa dirishani akiona katika mfumo kwamba leseni imesimamishwa, hana mamlaka ya kuifungua kwa huruma yake, na kumkasirikia ni kumwonea. Yeye ni wa mwisho katika safari hii. Aliyeifungia leseni ndiye anayetoa karatasi ya kuifungua, na TRA hufuata karatasi hiyo.

Kuhusu rufaa, nitaeleza kwa ufupi kwa sababu sisi hatukukata. Hukumu ya jinai ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, ambayo hapa Mwanza tunayo, na aliyehukumiwa anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu ukiwa hauhesabiwi. Siku 10 hupita haraka sana kwa mtu ambaye bado anatafuta fedha za faini. Kwa aliyefungiwa na ofisi badala ya mahakama, Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatambua haki ya kusikilizwa na ya kupata nafuu ya kisheria dhidi ya uamuzi wa chombo chochote kinachoamua juu ya haki zake, na hilo linatosha kuwa msingi wa barua ya heshima inayosema: ninaomba nisikilizwe. Mpwa wangu aliniuliza kama naye akate rufaa. Nilimjibu kwa swali: “Mjomba, lile gari dogo lisingekwepa, leo tungekuwa tunazungumza nini?” Hakuuliza tena.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuliko karatasi zote. Dereva wa Coaster hulipwa kwa kuingia barabarani. Akipumzika siku moja hesabu, yaani fedha ya kila siku ya mwenye gari, inapelekwa na mwingine, na akipumzika wiki tatu gari limekwisha kuwa la mwingine. Watu walimjia na ushauri wa kila aina. Mmoja alimwambia apige deiwaka, yaani kibarua cha siku, kwenye Hiace za kwenda Magu kwa sababu kule hawamfahamu. Mwingine, ambaye anamiliki magari na anaheshimika mtaani, alimpa lori la kupeleka mizigo usiku, akisema kwamba usiku trafiki wamelala. Ninasema bila kumung'unya maneno kwamba mwenye gari anayejua kuwa dereva amefungiwa na bado akamkabidhi funguo anatenda uovu. Kuendesha wakati wa kusimamishwa ni kosa jingine, ambalo hakimu atalitazama kama dharau kwa amri ya mwanzo. Tena mkataba wa bima ya gari kwa kawaida una sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali, na likitokea la kutokea kampuni ina hoja ya kukataa kulipa hasara ya gari. Tajiri atapoteza lori. Dereva atapoteza uhuru wake. Na mtu aliyegongwa, ambaye hakuhusika katika makubaliano yao ya usiku, atapoteza mguu au mzazi. Askari siku hizi anaingiza namba ya leseni kwenye mashine yake ya mkononi na kuona kumbukumbu palepale, mchana au usiku.

Tulimtafutia kazi ya kuhesabu na kupakia magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Malipo yalikuwa madogo na mgongo uliuma, lakini aliilisha familia yake bila kugusa usukani, na dada yangu aliacha kushtuka kila simu ilipoita usiku.

Jioni tulikuwa tukikaa na daftari. Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu leseni inaweza kurudi mfukoni bila chochote kubadilika kichwani. Nilimwomba anichoree tukio lake, kisha tukalipigia hesabu pamoja. Lori lenye tela lilikuwa likienda kilomita 60 kwa saa, naye alikuwa kwenye 80, ambao ndio ukomo wa gari la abiria la aina yake nje ya mji. Tofauti yao ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu hivi kwa sekunde. Ili kulipita salama alipaswa kutoka akiwa mita 20 nyuma yake, apite urefu wa lori ambao ni mita 18 hivi, aongeze urefu wa Coaster yake wa mita saba, na arudi kushoto akiwa mita 20 mbele ya lori. Jumla ni mita 65. Kwa kasi ya mita tano na nusu kwa sekunde, hizo ni karibu sekunde 12 za kukaa upande usio wake. Katika sekunde 12, gari linalokwenda 80 linasafiri mita 260 au zaidi kidogo. Na gari linalokuja mbele, likiwa na mwendo huohuo, nalo linasafiri mita 260. Kwa hiyo, kabla hajatoka nyuma ya lori, alihitaji kuona barabara tupu ya zaidi ya nusu kilomita.

Nikamuuliza alikuwa akiona umbali gani siku ile. Alifikiri kwa muda, akasema labda nguzo tatu za umeme. Baadaye tulikwenda kuzipima kwa hatua nguzo za barabara ile na kukuta zimeachana kiasi cha mita 50. Aliona mita 150, na alihitaji 520. Aliinamisha kichwa juu ya daftari, na mimi sikuongeza neno, kwa sababu hesabu ilikuwa imesema.

Nilimuuliza pia kwa nini alifanya hivyo, kwa kuwa si mtu mwenye papara. Majibu yake yanafaa kusikiwa na wenye magari. Mabasi yana kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo, na dereva anayevuka 80 anaonekana. Kwa hiyo dereva anayechelewa hawezi kufidia muda kwa kukimbia, na anaufidia kwa kulipita kila gari lililo mbele yake, hata mahali pasipofaa. Kati ya Magu, Lamadi na Bunda anashindana na Noah na Hiace zinazochukua abiria walewale, na kila dakika anayokaa nyuma ya lori ni abiria mmoja aliyepanda gari jingine. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Njiani kuna mifugo inayovuka, kuna watoto wa shule, na karibu na lango la Ndabaka, ambapo Hifadhi ya Serengeti inaifikia barabara, kuna wanyama. Sisemi haya kumtetea. Ninasema kwamba mwenye gari akipanga hesabu isiyofikika kwa mwendo halali, amemshika dereva mkono na kumvuta kwenye mstari usiokatika, na sheria inapomfungia dereva peke yake, kisababishi kinabaki ofisini kikitafuta dereva mwingine.

Muda ulipokaribia kwisha tulianza maandalizi, hatukungoja siku yenyewe. Alijiandikisha katika shule ya udereva kwa mafunzo ya kujikumbusha, kwa sababu aliyesimamishwa huweza kutakiwa kupimwa upya na polisi, na hata asipotakiwa, cheti cha mafunzo kinaipa barua yake uzito. Huko alikutana na vijana waliozaliwa wakati yeye anaanza ukonda, akarudia nao alama za barabarani, mistari, haki ya kupita kwenye mzunguko, na kuliondoa gari mlimani bila kurudi nyuma. Mwanzoni aliona haya. Baada ya siku chache ndiye aliyekuwa akiulizwa maswali na wenzake, na aligundua kwamba alama kadhaa alizokuwa akizipita kila siku kwenye Barabara ya Nyerere, kutoka mjini kupitia Mabatini na Nyakato hadi Igoma, alikuwa ameacha kuziona kabisa.

Alipima macho na afya. Kisha tukaangalia madeni ya faini katika mfumo wa polisi kwa namba ya leseni, tukakuta faini za zamani za shilingi 30,000 kila moja ambazo alidhani tajiri alizilipa. Tulizilipa zote. Ninamshauri kila mtu aanze kuziangalia mapema, kwa kuwa deni dogo linaloonekana siku ya mwisho linaweza kusimamisha kila kitu.

Baada ya muda wa amri kutimia, tulipeleka barua mahakamani tukiambatisha nakala ya amri, stakabadhi ya faini na cheti cha mafunzo, tukiomba ithibitishwe kwamba amri imetekelezwa na muda wake umekwisha. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Haikuwa na kilio wala sifa; ilikuwa na namba ya shauri, tarehe tatu, maelezo ya lililofanyika katika kipindi hicho, na ombi moja. Uthibitisho huo ndio tulioupeleka kwa polisi wa usalama barabarani, ambako kadi ilikuwa imehifadhiwa, na huko mkaguzi wa magari alimpima kwa maswali na kwa kuendesha. Alimzungusha barabarani kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Alimpandisha mwinuko, akamfanya asimame katikati yake na kuondoka tena, akamwamuru alifuate gari la mizigo lililokuwa likijikongoja, akanyamaza kuona atafanya nini. Mpwa wangu alibaki nyuma yake hadi barabara ilipofunguka. Ninamshukuru mkaguzi yule kutoka moyoni, kwa sababu alipima kosa lenyewe lililomleta pale.

TRA ilikuja mwisho. Tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kadi ilikuwa imepita wakati akiwa Mwaloni, maana kusimamishwa hakusogezi tarehe hiyo mbele, kwa hiyo alilazimika kuihuisha: shilingi 70,000 kwa miaka mitano, malipo yaliyowekwa na bajeti ya mwaka 2019 badala ya 40,000 kwa miaka mitatu. Wapo wanaodhani kwamba wakilipa fedha hizo mapema leseni itafunguka yenyewe. Haifunguki. Malipo ya kuhuisha yanahusu muda wa kadi, na amri ya kusimamisha inahusu haki ya kuendesha.

Njiani tulikutana na vishoka. Mmoja alimfuata mpwa wangu nje ya ofisi fulani, akamwambia kwa upole mkubwa kwamba ana mtu ndani ya mfumo, na kwamba kwa laki mbili na nusu angeifuta ile amri kabla ya muda wake. Ninamwomba kila dereva anayesoma hapa asimpe mtu huyo hata nauli. Amri ya mahakama iko katika jalada, jalada liko masjala, na hakuna kijana wa nje ya geti anayeweza kulifuta. Anachoweza ni kukupa kadi ya bandia ambayo itakupeleka gerezani kwa kosa la kughushi, zito kuliko lile la mwanzo. Malipo yote halali hutolewa namba ya malipo ya serikali yenye jina lako na kiasi chako, nawe ukalipa benki au kwa simu na kupata stakabadhi. Anayekutaka utume fedha kwenye namba ya simu ya mtu ni mwizi.

Kuna jambo moja ambalo ningependa liangaliwe na wahusika. Sisi tunaishi Mwanza mjini, na kutoka mahakamani hadi polisi hadi TRA ni safari za daladala. Dereva wa Ukerewe hutoka Nansio kwa maji, akalala mjini, akaambiwa arudi wiki ijayo. Wa Sengerema walau sasa anapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa mwaka 2025, badala ya kungoja kivuko pale Kigongo. Kama dereva angepewa nakala ya amri mkononi siku ileile ya hukumu, ikiwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na mstari mmoja unaomwelekeza aende ofisi ipi muda ukitimia, nusu ya safari hizi zisingekuwepo, na vishoka wangekosa wateja. Karatasi hiyo haigharimu kitu ukilinganisha na anachopoteza mtu wa kisiwani.

Baada ya leseni kurudi bado hakuweza kuingia kwenye Coaster siku hiyo. Ilibidi ahakikishe kwamba usajili wake wa LATRA uko sawa, pamoja na kitufe cha utambuzi ambacho dereva hugusisha kwenye kifaa cha gari ili ijulikane nani yuko kwenye usukani, kwa sababu taarifa zake za leseni zilikuwa zimebadilika. Alipeleka nakala, zikarekebishwa. Mwenye gari wa zamani alikuwa na dereva mwingine, nasi hatukumlaumu. Alipata kazi kwa mwenye Coaster mwingine wa njia hiyohiyo, na nilifuatana naye siku ya makubaliano, kama mjomba. Nilimwomba mwenye gari atueleze hesabu yake ya siku, nikaipigia mbele yake: kilomita za kwenda na kurudi, mwendo wa 80, vituo, chakula, foleni ya Igoma jioni. Haikutosha kwa safari alizotaka. Alinitazama, akachukua kalamu yangu, akapunguza safari moja.